Apolo Kivebulaya: Wakili Mwaminifu wa Boga



Kama ilivyo desturi ya kijitabu chetu, kabla ya kurasa za mapato na matumizi tunamkumbuka mtu mmoja aliyejenga kwetu. Mwaka huu tumemchagua Kanoni Apolo Kivebulaya. Jina lake kila mtoto wa Boga analijua. Liko vinywani mwa wazee na katika maombi ya kanisa, na kaburi lake liko kwetu. Lakini jina likizoeleka mno, maisha ya mwenyewe husahaulika, na vijana wetu waliozaliwa Bunia, Kampala au ng'ambo hubaki na jina tupu.

Iko sababu nyingine. Sisi tunaotunza vitabu vya fedha vya umoja huu tunaulizwa swali moja kila mara tunapopitisha bakuli: ni nani wa kuaminika? Watu wamechoka. Wameona viongozi wa siasa wakila, na baadhi yao wameona hata waliovaa kanzu wakila. Kwa hiyo tumeona afadhali tutafute jibu katika maisha ya mtu aliyekabidhiwa watu wetu, akawatunza hadi mwisho.

Kuzaliwa na ujana

Apolo hakuwa mtu wa kwetu kwa kuzaliwa. Alikuwa Muganda, aliyezaliwa karibu na mwaka 1864 huko Kiwanda, katika Singo. Alizaliwa pacha, na kwa hiyo aliitwa Waswa, jina ambalo Waganda humpa pacha wa kwanza akiwa mwanamume.

Alipokuwa kijana alipelekwa kwa mganga ili ajifunze kazi hiyo. Huko aliona kwa macho yake hila zilizotumiwa kuwatia watu hofu, naye akaiacha kazi ile. Jambo hili ni dogo katika habari zake, lakini tunaomba mlishike, kwa maana linaeleza mengi yaliyofuata. Kabla hajajua chochote juu ya Injili, alikuwa amekwisha kuona jinsi mtu anavyoweza kujitajirisha kwa hofu ya mwenzake akitumia jina la mambo ya rohoni.

Baadaye alijifunza dini ya Kiislamu, kisha akavutwa na mafundisho ya wamisionari wa Kiprotestanti waliokuwa katika jumba la mfalme wa Buganda, mmoja wao Alexander Mackay. Zilikuwa nyakati za vita. Kati ya 1888 na 1892 Buganda iligawanyika kwa ajili ya dini, na Waswa alishika silaha kama vijana wenzake. Alibatizwa 1895, akapewa jina la Apolo. Jina la Kivebulaya alilipata kwa ajili ya koti jekundu la kijeshi alilokuwa akilivaa juu ya kanzu yake: maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya. Lilikuwa jina la utani, nalo likamfuata mpaka kaburini.

Mwaka huo huo wa 1895 alitumwa Toro kuwa mwalimu wa kanisa. Mfalme Kasagama wa Toro alibatizwa 1896, na katika jumba lake walikuwa wakija masultani wa nchi za jirani. Mmoja wao alikuwa Tabaro, sultani wa Boga, nchi ambayo karatasi nyingi za wakati ule huiandika Mboga.

Walimu wa kwanza na mwalimu wa pili

Wana-Boga wengi wanadhani Apolo ndiye mwalimu wa kwanza aliyefika kwetu. Sivyo. Walimtangulia walimu wawili, Waganda kama yeye, waliofika 1896. Walipokewa, wakaanza kufundisha, lakini baada ya muda Tabaro na wakubwa wake hawakupendezwa na mafundisho yao. Watu wakaacha kuwapa chakula. Walimu wale hawakuwa wamezoea kulima. Kwao Buganda mwalimu alilishwa na watu aliowafundisha. Njaa ilipozidi, wakaondoka.

Hatuandiki haya ili kuwahukumu. Walikuwa wageni, peke yao, na njaa haina adabu. Lakini kazi waliyoiacha ilihitaji mtu, na mtu aliyekubali kwenda alikuwa Apolo. Mwishoni mwa 1896 alivuka milima ya Ruwenzori, akavuka bonde na mto Semliki, akapanda mpaka Boga. Alikuja akijua vizuri kilichowafukuza wenzake. Kwa hiyo hakungoja kulishwa. Alishika jembe, akalima chakula chake mwenyewe.

Kwa mtu wa leo jambo hili laweza kuonekana la kawaida. Kwa watu wa Boga wa wakati ule lilikuwa ajabu: mwalimu mwenye kujua kusoma, mjumbe kutoka Toro, akiinama shambani kama mtu yeyote. Sisi wahasibu tungesema hivi: alifuta deni kabla halijaandikwa. Mtu ambaye hakula cha sultani hakufungwa mdomo na sultani, na mtu ambaye hakula cha maskini hakuwa mzigo kwao. Akawa huru kusema aliyotumwa kusema.

Na aliyoyasema yalikuwa mazito. Alisema juu ya ulevi, juu ya kuoa wake wengi, juu ya kutegemea waganga. Alifundisha watu kusoma, wakubwa na wadogo, wanaume na wanawake. Tabaro aliona kwamba mamlaka yake inapungua, naye akawa adui wa kazi hiyo.

Mateso

Jaribu kubwa lilikuja kwa njia ya msiba. Watu walikuwa wakijenga nyumba ya kusalia, wakikusanya majani na matete. Dada yake Tabaro alianguka juu ya mkuki uliokuwa umefichika katika majani, akafa. Ilikuwa ajali, lakini lawama ilimwangukia Apolo. Alishitakiwa kwamba yeye ndiye aliyemwua. Alipigwa, akafungwa, akapelekwa katika boma la Waingereza huko Toro, mahali panapoitwa leo Fort Portal, akawekwa gerezani. Hayo yalikuwa 1898.

Apolo mwenyewe alisimulia baadaye kwamba katika siku hizo za giza alimwona Kristo katika maono, aking'aa kama jua, akimtia moyo kwamba hayuko peke yake. Kila msomaji atalipokea jambo hili kwa imani yake. Sisi tunaandika tu kile kilichoonekana na watu wote: hakuna kosa lililothibitishwa juu yake, akafunguliwa, na alipofunguliwa hakuchukua njia ya kwenda kwao Buganda. Alirudi Boga, mahali alipopigwa.

Hapo ndipo watu walipoanza kumwamini kweli. Ni jambo la akili. Mtu anayetafuta faida hurudi penye faida. Anayerudi penye fimbo, bila mshahara wa maana, bila jamaa, bila shamba la urithi, lazima awe na sababu nyingine. Tabaro mwenyewe, baada ya muda, aliamini na kubatizwa, akaitwa Paulo. Tunawaheshimu wazee wetu wa ukoo wa Tabaro, na tunaona kwamba habari hii si aibu kwao. Mtawala aliyekubali kugeuka mbele ya watu wake alionyesha ushujaa ambao wakubwa wengi wa leo hawanao.

Kuondoka na kurudi

Hapa tunafika mahali ambapo wengi hukosea wanaposimulia maisha yake. Apolo hakukaa Boga miaka yote. Kanisa lilimhitaji Toro, naye alikwenda. Alifanywa shemasi 1900 na kasisi 1903, akahudumu katika sehemu mbalimbali za Toro kwa miaka mingi, akifungua mahali pa ibada na kuwafundisha walimu.

Wakati huo mambo ya dunia yaliigusa nchi yetu bila sisi kuulizwa. Boga lilikuwa limehesabiwa upande wa Waingereza. Kwa mapatano ya mwaka 1910 kati ya mataifa ya Ulaya, mpaka ulisogezwa, na Boga likawekwa upande wa Kongo ya Wabelgiji. Kanisa dogo lililokuwa limezaliwa kwetu likakatwa na mama yake. Waumini walibaki wenyewe, wakisali na kufundishana kwa kadiri walivyoweza.

Apolo alikuwa amekwisha kupita umri wa miaka 50. Alikuwa kasisi anayeheshimiwa katika Toro, mwenye marafiki wengi na kazi ya kutosha. Hakuna ambaye angemlaumu kama angebaki pale. Lakini aliwakumbuka watu aliowaacha ng'ambo ya Semliki, na karibu na mwaka 1916 alirudi Boga kukaa, sasa chini ya serikali nyingine na lugha nyingine ya ofisini. Hakuhama tena mpaka kufa.

Tunawaomba wasomaji wetu walitafakari jambo hili. Kuondoka nyumbani si dhambi. Wengi wetu tumeondoka kwa ajili ya masomo, kazi au usalama. Uaminifu wa Apolo haukuwa kwamba hakuondoka kamwe. Uaminifu wake ulikuwa kwamba hakuwahi kuwafuta watu wa Boga katika hesabu yake, na njia ya kurudi ilipopatikana alirudi.

Kazi ya msituni

Mwaka 1921 Apolo aliona kwamba ameitwa kwenda katika msitu mkubwa, kwa Wambuti. Wakati ule wengi waliwadharau watu hawa. Waliwahesabu kama mali ya wenyeji wao wa vijijini, wa kutumwa nyama na asali, si watu wa kufundishwa. Apolo, akiwa na umri wa karibu miaka 57, aliingia msituni kwa miguu, akakaa nao, akajifunza lugha yao, akaanza kazi ya kuitia Injili ya Marko katika lugha hiyo. Wambuti wa kwanza walibatizwa kabla hajafa.

Alifanya kazi pia kati ya Wanyali, Walese, Wangiti na wengine wanaokaa kandokando ya msitu. Yeye mwenyewe hakuwa wa kabila lolote la hapa, na hakulifanya kabila lolote kuwa lake dhidi ya jingine. Baada ya mambo ambayo Ituri yetu imeyaona tangu 1999, ndugu akimwinukia ndugu na viongozi wengine wakichochea moto badala ya kuuzima, jambo hili si dogo. Mchungaji akianza kuhesabu kondoo kwa kabila, amekwisha kuwagawia mbwa mwitu sehemu yao.

Mwaka 1922 Kanisa la Uganda lilimpa heshima ya kuwa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe. Heshima hiyo haikubadili nyumba yake. Katika utumishi wake wote aliishi bila mke, na nyumba yake ilikuwa imejaa vijana na watoto aliowalea na kuwafundisha. Alichopata alikigawa. Kati ya vijana wa kwetu waliolelewa katika kazi hiyo, tunawakumbuka Nasani Kabarole na Yusufu Limenya, walioibeba kazi baada yake. Hili pia ni alama ya kiongozi mwaminifu: anaandaa watu watakaofanya kazi yeye akiwa hayupo, wala hawaogopi.

Kifo na kaburi

Mwaka 1933 Apolo alikuwa mgonjwa, moyo wake umechoka. Alikuwa Uganda akitibiwa, karibu na ndugu zake na hospitali nzuri kuliko zote za wakati ule. Alipotambua kwamba hatapona, aliomba arudishwe Boga afie huko. Akarudishwa. Alifariki tarehe 30 Mei 1933.

Kabla ya kufa aliagiza jinsi atakavyozikwa. Desturi ilikuwa maiti alazwe kichwa kikielekea mashariki. Apolo aliagiza kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, kwa sababu kazi ya huko ilikuwa haijaisha. Ndivyo alivyozikwa, na ndivyo alivyolala hadi leo.

Kutoka katika mbegu hiyo Kanisa Anglikana lilienea katika nchi yetu. Mwaka 1972 Boga likawa makao ya dayosisi ya kwanza ya Anglikana katika nchi yote, iliyoitwa wakati ule Zaire, na 1992 jimbo kamili la Kanisa likaundwa. Huko Uingereza kwenyewe, kalenda ya Kanisa humkumbuka Apolo kila tarehe 30 Mei. Mtu aliyeitwa kwa utani kitu kilichotoka Ulaya, sasa Ulaya inamkumbuka kwa kazi iliyofanyika Boga.

Mchungaji na mtu wa mshahara

Tukirudi kwenye swali letu la mwanzo, Maandiko yanatupa vipimo viwili. Nabii Ezekieli aliwakemea wachungaji waliojilisha wenyewe, walionywa maziwa na kuvaa sufu ya kundi lakini hawakuwatafuta waliopotea wala kuwafunga waliovunjika. Naye Yesu alitofautisha mchungaji mwema na mtu wa mshahara: wakati wa majani mabichi huwezi kuwajua, lakini mbwa mwitu akija, mmoja hukimbia kwa sababu kondoo si wake.

Vipimo hivi vinafanana na kazi ya ukaguzi. Mkaguzi hamwulizi mtunza fedha kama anampenda Mungu. Anauliza: ulipokea nini, kilikwenda wapi, na nani anashuhudia? Tukimkagua Apolo kwa maswali hayo, majibu ni wazi. Alipokea kidogo, akatoa kilichobaki. Watu waliofundishwa kusoma walionekana. Wambuti walionekana. Sultani aliyekuwa adui alionekana amekaa kanisani. Na hesabu yake ilifungwa bila mali ya kugombaniwa na warithi.

Kiongozi asiye mwaminifu naye hujulikana kwa maswali yale yale. Huyu hukasirika akiulizwa hesabu, na humwita anayeuliza adui wa kazi ya Mungu. Sadaka na mfuko wake havina mpaka. Huwatisha watu kwa mambo ya rohoni kama yule mganga ambaye Waswa alimkimbia akiwa kijana. Tofauti ya mganga yule na mchungaji wa namna hii ni mavazi tu.

Sisi na zamu yetu

Ndugu zetu, mnajua yaliyotupata. Usiku wa kuamkia 31 Mei 2021, saa chache tu baada ya siku ya kumkumbuka Apolo, watu wenye silaha walishambulia Boga na Tchabi. Zaidi ya watu 50 waliuawa, na maelfu wakakimbia na watoto mgongoni. Hatuna familia isiyoguswa. Waliokimbia mauti hawakuwa watu wa mshahara. Walikuwa kondoo wenyewe. Hakuna wa kuwalaumu.

Lakini kwa sisi tulio mijini, wenye kazi, nyumba na akaunti ya benki, swali la Apolo linabaki. Je, tumewafuta watu wa Boga katika hesabu zetu, au bado wamo? Si kila mmoja anaweza kurudi leo. Kila mmoja anaweza kuacha jina la nyumbani libaki katika bajeti yake ya mwezi, kama karo na kodi ya nyumba zinavyobaki.

Michango ya mwaka huu itasaidia watoto wa kwetu kukaa darasani, walioko Boga na walioko ukimbizini. Kwa upande wetu tunawaahidi yale ambayo maisha haya yametufundisha. Kila franka na kila shilingi itaandikwa, iwe ya tajiri au ya mjane. Kila atoaye atapata risiti. Vitabu vyetu viko wazi kwa mwanachama yeyote siku yoyote ya mkutano, na anayeuliza hataitwa adui. Wanaotunza fedha hizi hawalipwi kutoka katika fedha hizi.

Mwisho wa kijitabu hiki mtakuta kurasa za mapato na matumizi. Someni kila mstari, ulizeni, kisha toeni kama mlivyojaliwa. Apolo alilazwa akielekea msituni kwa kuwa kazi ilikuwa bado. Nasi tukiwa bado hai, tuigeuze mioyo yetu upande wa Boga.

Mungu awabariki.